Nakala kwanza, fundi baadaye

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na wengi wetu tumewahi kuitumia kumkanya mwenye duka au kijana aliyekabidhiwa fedha za harusi. Lakini sikumbuki mzee aliyeniambia la kufanya siku ambayo daftari lenyewe ndilo litakalopotea. Msiba huo ndio ulionifika mimi, na ndio ulionifanya nishike kalamu leo niwanasihi ndugu zangu wa Mvita, Lamu, Malindi, Vanga na kwengineko, ambako watu siku hizi wameitia dunia yao nzima ndani ya kompyuta moja ya kupakata.

Walimu wa shule huiita kipakatalishi. Mitaani twaiita laptopu, na kwa jina hilo nitaiita hapa, maana sikuja kusomesha msamiati.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisomesha chuo cha Qur'ani hapa Mji wa Kale kwa zaidi ya miaka arubaini. Alikuwa na madaftari saba aliyoyaandika kwa hati za Kiarabu. Ndani yake mlikuwa na nasaba za ukoo wetu, tungo za mamake, dawa za miti, tarehe za harusi na mazishi, na hata majina ya vyombo vilivyozama vikiwa na jamaa zetu. Mwaka 2014 nilimwomba anisomee. Kwa masiku kumi na moja, baada ya sala ya Isha, alikaa barazani akasoma, nami nikainasa sauti yake. Nilianza pia kuzipiga picha kurasa za madaftari, lakini nilifika la tatu nikachoka, nikasema nitamalizia siku nyengine.

Siku hiyo nyengine haikuja. Mjomba alifariki mwaka 2019. Madaftari yalikuwa juu ya kabati, chini ya dari inayovuja, na tulipoyateremsha tulikuta mvua na mchwa wamekwisha gawana. Watu wa nyumbani walilia. Mimi, nakiri, sikusikitika sana. Nilijiambia kwamba sauti yake ninayo, nimeitia katika laptopu.

Jeuri hiyo ilidumu miaka minne. Mwezi wa Aprili 2023, masika yalipopamba moto, laptopu ilianza kuchelewa kuamka. Kisha ikawa inaganda katikati ya kazi. Kisha nikasikia ndani yake mlio mdogo, ta, ta, ta, kama ukucha unaogonga meza. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya: nikaizima nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha, labda mara ishirini. Siku ya tatu nikaitia mkobani, nikampelekea fundi.

Amana na sitara

Fundi yule hakuniuliza mlikuwa na nini ndani. Aliniuliza neno langu la siri. Nilipomtajia, aliliandika kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika juu ya kifuniko pale pale mbele ya wateja wengine, akaniambia: "Mzee, njoo kesho kutwa. Nitakupigia Windows mpya." Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Sikufika mbali. Mambo mawili yalinijia kwa pamoja na moyo ukanienda mbio. La kwanza, ikiwa atapiga Windows mpya, je, yale ya zamani yatakwenda wapi? La pili lilinitoa jasho zaidi. Katika laptopu ile mlikuwa na picha za harusi ya binti yangu, za upande wa wanawake, ambazo mimi mwenyewe babake nyengine sikupaswa kuziona. Binti yangu na wenziwe, mashangazi zake, majirani, wote wakiwa wamejipamba na vichwa wazi, wakijua kwamba wamo ndani ya ukuta. Nami ukuta huo nilikuwa nimeubeba kwapani nikauweka juu ya meza ya mtu nisiyemjua, na ufunguo nikauacha umebandikwa mlangoni.

Nikarudi mbio nikaichukua. Fundi alinuna, na sikumlaumu. Simtuhumu kwa lolote, kwani hakufanya ila lile wafanyalo wengi, na kosa lilikuwa langu. Mtu hampi mpaka chokaa funguo za kabati la mkewe. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, lakini sheria hufika baada ya siri kwisha kutembea, na siri ya nyumba ikitoka hairudi. Aibu huwakaa wanawake, ilhali uzembe ulikuwa wa mwanamume.

Kwa hiyo nasema, mambo ya sitara yasikae wazi katika laptopu itumiwayo na nyumba nzima. Yahamishwe, yawekwe mahali penye kufuli lake, na bora zaidi yashikwe na wanawake wenyewe. Na laptopu ikilazimika kwenda kwa fundi, ama diski itolewe ibaki nyumbani, ama mwenyewe akae pale mpaka kazi imalizike.

Swali la kijana

Jirani alinielekeza kwa fundi mwengine, kijana mwenye kibanda kidogo ambacho watu wawili wakiingia wa tatu hungoja nje. Kabla ya kushika bisibisi aliniuliza: "Mzee, humu mna kitu ambacho hakiko kwengine?"

Nataka wasomaji walishike swali hili. Fundi asiyeliuliza, basi mwenye mali ajiulize mwenyewe. Nilimweleza habari za mjomba. Akaniambia nisiiwashe tena hata mara moja, akavuta kiti, akanifahamisha.

Ndani ya laptopu nyingi za zamani mna diski yenye sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake hupita kichwa chembamba ambacho hakitakiwi kuzigusa. Mlio ule wa ta, ta, ta ni kichwa kikitafuta mahali pake na kupakosa. Kila mtu awashapo diski ya namna hiyo "kujaribu", huenda akazikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakisomeki tena. Zile mara ishirini zangu zilinijia kama mashahidi.

Kijana aliitoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake, na akatumia programu ambayo husoma kwanza sehemu nzima ikiziruka zilizoharibika, kisha ikarudi polepole kwa zile ngumu. Aliniuliza nini kitangulie, nikamwambia sauti. Ilipofika zamu ya picha aliugeuza uso wa kompyuta kunielekea mimi, yeye akatoka nje kunywa kahawa. Hakuna aliyemwamuru. Mungu amzidishie.

Tulikesha mpaka karibu na alfajiri. Katika masiku kumi na moja ya mjomba, tisa yalitoka salama. Usiku wa nne na usiku wa tisa havikutoka, tukajaribu tena na tena, havikutoka. Usiku wa nne zilikuwa dawa, na dawa pengine zipatikane kwa wengine. Lakini usiku wa tisa ndio mjomba alioisoma nasaba ya bibi yetu, upande wa wanawake wa Pate, ambayo hakuwa nayo mtu mwengine aliye hai. Leo mwanangu akiniuliza mama wa bibi yake mkuu alikuwa binti wa nani, namtajia majina mawili. La tatu sinalo, wala sitakuwa nalo.

Chombo na kilichomo

Kosa langu, na naliona kila siku kwa wenzangu, ni kukitazama chombo nikasahau kilichomo. Laptopu ikiharibika tunasema "laptopu imekufa", tukakimbilia kuifufua. Nyumba ikishika moto hakuna aanzaye kuuliza bei ya mabati. Hutolewa watoto kwanza. Laptopu ni mabati, inauzwa madukani, mpya na kuukuu. Sauti ya marehemu haiuzwi popote.

Mara nyingi hata hapana haja ya kukata tamaa. Yaweza kuwa kilichoharibika ni chaja, betri, kioo, au bodi kuu ya ndani, na diski iko salama salimini. Fundi mwaminifu huitoa, huitia ndani ya kasha dogo lenye waya, huichomeka katika kompyuta nyengine, na yote yakasomeka. Lakini tusidanganyike. Baadhi ya laptopu mpya nyembamba zina hifadhi iliyogandishwa juu ya bodi yenyewe, haitoki. Hifadhi hizi za kisasa zisizozunguka hazina mlio wa kuonya, na mara nyengine hufa kimya. Nyengine hufungwa kwa kufuli la siri. Kwa zile za Windows ufunguo wa kuliokoa ni wa tarakimu 48, na asiyejua aliuweka wapi hana fundi wa kumsaidia. Kwa hiyo ufunguo huo uandikwe karatasini leo, laptopu ingali nzima.

Nasi watu wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa ile ile ya bahari inayokula misumari ya jahazi na mabati ya paa, hula pia nyuzi za shaba ndani ya mashine. Vumbi huziba feni, joto hupanda. Umeme hupotea na kurudi kwa kishindo. Kikombe cha kahawa kikimwagika juu ya vibonyezo, dawa ni kuzima, kuchomoa waya, na kutowasha tena mpaka ifunguliwe na kusafishwa. Kuizika katika mchele hakuondoi sukari wala chumvi iliyokwisha kuingia. Haya yote ni ya kujua, lakini mwenye nakala huyapokea kwa utulivu, na asiye nayo huyapokea kwa kilio.

Ada yetu ya kunakili

Mafundi wa kompyuta wana kanuni moja wanayoifundisha dunia nzima: weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Kijana aliponitajia kanuni hii nilicheka. Si kwa kuidharau, bali kwa kuona kwamba twafunzwa na wageni jambo tulilozaliwa nalo.

Kila mtoto wa chuo anajua kisa chake. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi katika waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe kwa maandishi, na kazi hiyo akapewa Zaid bin Thabit. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman zikaandikwa nakala na kupelekwa katika miji. Walioihifadhi vifuani hawakusema kifua chatosha. Walioiandika hawakusema karatasi moja yatosha. Na waliokuwa Madina hawakusema mji mmoja watosha. Sikifananishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na madaftari ya mjomba wangu, hasha. Nasema tu kwamba adabu ya kuhifadhi twaijua, tena tangu zamani.

Siyu ilikuwa na sifa ya waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuitia nakshi. Kitabu cha Herekali kilitungwa Pate, na hati yake ya mwaka 1728 ingaliko hadi leo, lakini iko Hamburg, Ujerumani. Na tumtazame Muyaka wetu wa Mvita, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa midomoni mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akaichapisha diwani huko Johannesburg. Lau si kalamu ya Sikujua, leo tungelikuwa na jina la Muyaka bila ya Muyaka.

Nawashukuru wageni waliotuhifadhia, wala sina kinyongo nao. Hata hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha za kompyuta katika miaka ya karibuni kwa msaada wa mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza, na ni jambo jema. Lakini yanikera kuona kwamba kila nakala ya pili ya mambo yetu iko ng'ambo, na sisi wenyewe tumebaki na ya kwanza, iliyo juu ya kabati chini ya dari inayovuja. Mtu asiyenakili mambo yake atakuja kuyaomba kwa watu.

Majibu kwa wenye shaka

Najua nitaambiwa: "Siku hizi yote yako katika wingu la intaneti." Wingu ni jambo jema nami nalitumia. Lakini wingu ni kompyuta ya mtu mwengine. Mwenye akaunti akifariki na neno lake la siri, warithi hubaki mlangoni. Malipo yakikoma, hifadhi huweza kufungwa. Na mara nyingi kilichounganishwa na wingu ukikifuta hapa, hufutika na kule. Basi wingu na liwe moja katika zile tatu, lisiwe zote.

Mwengine atasema gharama. Flashi ya kutosha sauti zote za mjomba wangu haizidi bei ya sahani mbili tatu za biriani. Tunayatumia zaidi ya hayo katika arusi ya siku moja, kisha picha za arusi hiyo tunaziweka mahali pamoja.

Mwengine atasema akiba haiozi, ana sidii zake na flashi zake tangu zamani, hana wasiwasi. Ndugu yangu, akiba hii huoza! Kanda za kaseti zimeota ukungu kwetu hapa, sidii hufifia, na flashi iliyosahauliwa sandukuni kwa miaka huweza kupoteza kilichomo. Nakala ambayo haijafunguliwa ikaonekana inasoma si nakala, ni matumaini.

Kwa hiyo natoa shauri dogo. Kila mwaka wenye uwezo miongoni mwetu hukaa kuhesabu mali wakatoa zaka. Siku hiyo hiyo tuhesabu na nakala zetu. Tuzifungue, tusikilize kidogo, tutazame picha mbili tatu, na zilizochakaa tuzihamishe katika chombo kipya. Kila ukoo uchague mtu wa kuzishika, na asiwe mmoja wala nyumba moja. Misikiti na vyuo vyenye hati za zamani viwaite vijana wetu wanaosoma kompyuta, viwape kazi hiyo kwa ujira na heshima, na nakala ziwekwe katika miji miwili au mitatu ya pwani hii hii. Na wazee walio hai tuwanase sasa, kisha siku ile ile tuwape wengine nakala, tusingoje siku nyengine.

Laptopu yangu ilipona. Kijana aliitia diski mpya isiyozunguka, akasafisha feni, na kwayo ndiyo ninayoandikia maneno haya. Masiku tisa ya mjomba yako nyumbani kwangu, yako kwa dada yangu Malindi, na yako katika wingu. Wiki iliyopita dada alinipigia simu usiku kuniambia kwamba wajukuu walikaa wakasikiliza usiku wa kwanza wote mpaka mwisho, kisha wakauliza: mbona kutoka wa nane yarukia wa kumi? Alitaka nimpe la kuwajibu, na mpaka sasa sijampa.